Neno Ambalo Mama Hataki Kulifunga

Benchi la nje,
Wodi ya Upasuaji ya Wanawake,
Ghorofa ya tatu, kwa ngazi, maana lifti imekufa.

Alhamisi, baada ya saa za kuona wagonjwa.

Mpendwa mdogo wangu Komeo,

Salamu kwanza. Mama kaniagiza hivyo akiwa amelala na mrija mkononi: "Usimrushie habari kabla hujamjulia hali. Habari isiyo na salamu ni mtu anayeingia ndani bila hodi." Basi hodi. Hujambo? Kile kifua kilichokuwa kinakusumbua kimepoa? Wifi yangu yu mzima? Na mtoto je, meno ya mbele yameota, au bado anacheka kama bibi kizee? Natumaini nyote mko salama na kazi zinakwenda.

Ukituuliza sisi, tunaendelea. Nimelisema neno hilo kwa watu wengi sana wiki hizi mpaka halina tena ladha mdomoni. Magoti yangu yanalalamikia ngazi, mgongo unalalamikia kile kiti cha wodini, na mimi mwenyewe sina wa kumlalamikia, ndiyo maana nakuandikia wewe. Zaidi ya hapo hatujambo.

Utajiuliza barua ya nini na simu ipo. Ni kwa sababu ujumbe wa simu unausoma ukiwa umesimama, kisha unanijibu maneno mawili. Barua mtu huikalia. Ndugu yetu Chiriku akishafunga cherehani zake jioni atapita hapa, ataipiga picha ukurasa mmoja mmoja na kukutumia. Kwa hiyo tafuta kiti, ukae, halafu uendelee.

Mama amekonda. Nakwambia mapema usije ukasema tulikuficha. Lile gauni lake la maua sasa linamzunguka mara mbili. Macho yamepungua unjano tangu walipomwekea kimrija cha kupitishia nyongo, lakini ngozi bado inamwasha na uji haumalizi. Kilichobaki vilevile ni ulimi. Juzi kamwambia mpishi wa hospitali kwamba uji wake unahitaji kurudia darasa. Mpishi hakukasirika, na kesho yake uji ulikuja laini kidogo.

Kitanda cha pili yupo mama mmoja muuza mboga, aliyelazwa kwa mawe ya kwenye mfuko wa nyongo. Huyo ndiye dawa yetu. Anasema ameingia na mawe, akitoka anajenga. Nikamwambia saruji aje dukani kwetu, nitamsemea kwa tajiri wangu apunguziwe. Tulicheka mpaka akashika tumbo kwa maumivu na sista akaja kutugombeza wote, mama akiwemo.

Nyumbani kuko salama. Nimefunga chumba cha mama, ufunguo ninao. Maua yake ya kwenye makopo namwagilia nikikumbuka, na nisipokumbuka wanamwagilia majirani. Chiriku ana kazi nyingi, ni msimu wa sare za shule, kwa hiyo zamu ya mchana ni yangu na ya jioni ni yake. Tajiri wangu dukani amevumilia sana, lakini Jumanne kaniuliza kama hospitali imenioa. Nikamjibu imenioa bila mahari. Akacheka, ila nimeona amemweka binti mwingine kwenye meza yangu ya misumari, na hilo si la kucheka.

Sasa habari yenyewe. Najua Chiriku amekueleza nusunusu, maana yeye hueleza vibaya kuliko anavyoshona, anaanza na mikono kabla ya kiwiliwili. Mimi nitaanza mwanzo.

Daktari wa upasuaji ni mtu mpole, mrefu, mwenye macho ya mtu aliyesahau kulala. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akamchorea mama kongosho nyuma ya karatasi, akamwonyesha uvimbe ulipokaa, pale kwenye kichwa cha kongosho. Akasema wataondoa kichwa hicho, pamoja na kipande cha kwanza cha utumbo mdogo na mfuko wa nyongo, kisha waunganishe yaliyobaki. Hakuficha. Alisema ni operesheni kubwa, na mtu wa umri wa mama anaweza asiimudu. Akasema pia kwamba uvimbe bado haujaushika mshipa mkubwa ulio jirani yake, na ukishaushika, yeye na kisu chake hawatakuwa na la kufanya. Zamu ya mama ni Jumatatu. Asiposaini fomu ya ridhaa kufikia Jumapili, nafasi anapewa mwingine, na kurudi kwetu hakuna ajuaye itakuwa lini.

Mtu mwingine angeuliza atapona baada ya muda gani. Mama akauliza, "Inaitwaje?"

Daktari akasema ni operesheni ya kongosho. Mama akasema hakuuliza ni ya nini, ameuliza jina lake. Basi akalitaja kwa pumzi moja, pankriatikoduodenektomi, mimi nikasikia mwanzo na mwisho tu. Mama akampa kalamu. "Andika." Akaandika. Mama akaitazama ile karatasi kwa mbali, kisha kwa karibu.

"Daktari," akasema, "mimi nimefundisha darasa la kwanza mpaka nikastaafu. Sijapata kumruhusu mtoto aweke jina lake chini ya kitu asichoweza kukisoma. Nikilisoma hili lote bila kukwama, nitasaini."

Daktari akacheka, akakubali. Na mimi nikacheka. Nilidhani ni kazi ya jioni moja.

Unamjua mama na maneno marefu. Alivaa miwani, akachukua penseli, akalikata vipande: pan-kri-a-ti-ko-du-o-de-nek-to-mi. Akanung'unika kidogo. Akasema silabi zetu huisha na irabu, mlango wazi, mtu anaingia na kutoka. Hii "pan" na hii "nek" zimefungwa. Nikamwambia asili yake ni Kigiriki, mama. Akasema basi Wagiriki wana wezi wengi. Kisha akagombana na daktari kuhusu mkazo. Daktari anakanyaga "nek". Mama anasema mkazo wetu unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo yeye atakanyaga "to", na anayetaka kumpasua ampasue kwa Kiswahili. Daktari wa watu akanyoosha mikono juu.

Na kwa kuwa hasomi asichokielewa, akataka afafanuliwe. Akaambiwa mwanzo wa neno ni kongosho, katikati ni ule utumbo wa kwanza, na huko mwishoni ni kukata na kuondoa. Akaitikia kwa kichwa, akakunja karatasi, akaiweka chini ya mto.

Kesho yake akaligawa. Unaikumbuka foleni ya maneno? Mimi naiota mpaka leo. Darasani kwake neno refu halikusomwa na mtu mmoja. Aliwapanga watoto mbele ya ubao, kila mmoja akabeba kipande chake, likapita mdomo kwa mdomo kama ndoo ya maji. Nyumbani sisi watatu tulikuwa darasa lake la jioni: mimi mwanzo, Chiriku katikati, na wewe mwisho, umesimama mlangoni na kaptula yako imeteleza. Wewe ndiye uliyelifunga neno, ndiyo ukaitwa Komeo, na jina limekataa kukutoka hata baada ya kuota ndevu.

Sheria yake nayo unaikumbuka. Mtoto asipokuja shule, kipande chake hapewi mwingine. Wenzake wanasoma mpaka pale, wananyamaza, na neno linamngoja. Mwalimu mkuu alikuwa akimwambia anapoteza muda, siku zote asiyekuwepo na lake halipo. Mama akamjibu, "Huko nje. Humu darasani, asiyekuwepo, lake lipo." Mwalimu mkuu akaenda zake.

Basi hili nalo kaligawa vivyo hivyo. Pan-kri-a-ti akanipa mimi. Ko-du-o-de akampa Chiriku. Kile cha mwisho akasema tumwachie mwenyewe. Tukamwachia, tukidhani mwenyewe ni yeye.

Tangu hapo tumekwama. Anaanza vizuri, sauti imenyooka, anapokea changu, anapokea cha Chiriku, anafika "de", anasimama. Anatazama dirishani. "Limenitoka," anasema. Tunarudi mwanzo. Anafika "de", anasimama.

Chiriku amelitia mdundo wa cherehani. Mimi nimeliandika kwa herufi kubwa kwenye ubavu wa boksi la misumari, nikalitundika kwenye chuma cha kitanda. Muuza mboga sasa analijua lote, analisema hata akienda msalani. Mama peke yake ndiye hafiki. Kila asubuhi daktari anapita: "Mwalimu, leo tumefika wapi?" Mama anajibu, "Tumefika de." Imekuwa salamu ya wodi. Mfagiaji akiulizwa hali anasema tumefika de. Juzi mteja kaniuliza kama nondo zimefika, nikamjibu zimefika de, akanitazama kama mwehu.

Wodini nacheka na wenzangu. Kisha nashuka ngazi, nafika pale kwenye bomba la kuoshea vyombo, naachia maji yatiririke ili nilie vizuri. Niliona akili ya mama inaondoka kabla ya mwili wake. Mtu aliyewafundisha kusoma watoto wa mtaa mzima, na watoto wa watoto hao, anashindwa na silabi tatu. Sikumwambia Chiriku. Wewe ndiyo kabisa.

Na katikati ya hayo, ujumbe wako. "Ameshasaini?" "Mwambieni asaini." "Muda unakwenda." Komeo, mdogo wangu, nakupenda, lakini kuna siku nilitamani kuirusha simu kwenye ndoo ya mfagiaji. Muda tunauona ukienda. Sisi ndio tuliokaa nao hapa benchini.

Sasa sikiliza ya jana.

Nilikuwa napanda na chupa ya uji, nikasikia makofi kabla sijaufikia mlango. Makofi ya darasani, yale ya moja moja. Wanafunzi wa uuguzi walikuwa wamekuja na sista mkuu kuzungushwa vitandani. Mmoja wao, binti mnene mwenye sauti ndogo, kaambiwa ataje operesheni ya mgonjwa huyu, na lile neno likamkaba mbele ya wenzake. Sista alipoitwa kwenye simu, mama akawateka. Nilipochungulia alikuwa ameshawapanga kuzunguka kitanda, kila mmoja na kipande chake, na yeye ameketi, mto mgongoni, anapiga makofi kwa mkono wenye mrija. Neno likazunguka. Wakapita pan-kri-a-ti, wakapita ko-du-o-de, likamfikia yule binti aliyewekwa mwisho, akaganda.

"Usiliogope, halikuoni," mama akamwambia. "Nek-to-mi. Weka mguu kwenye 'to'. Haya, funga mlango, mwanangu."

Binti akaufunga. Kisha mama akalisema lote mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sauti yake ile ya ubaoni, hakukwama popote. Wanafunzi wakampigia makofi. Muuza mboga akapiga kigelegele.

Mimi sikufurahi. Nilisimama pale mlangoni nikapandwa na hasira mpaka masikio yakawaka moto. Nilifikiria ngazi, nikafikiria meza yangu ya misumari, nikafikiria lile bomba la maji na machozi yangu yote yaliyokwenda na maji ya vyombo. Nikangoja wale watoto watoke. Muuza mboga aliniona uso, akageukia ukutani akajifanya kukoroma.

"Mama, kumbe unalijua."

"Nalijua tangu siku ya kwanza. Mimi ni mwalimu, si jiwe."

"Sasa unatuchezea nini?"

Akanyoosha shuka, akalikunja pembeni, akalinyoosha tena. "Kwa wale watoto lile ni neno tu. Kwangu mimi ni tumbo langu."

Nikamwambia basi aseme anaogopa, hakuna atakayemcheka. Akasema anaogopa, nani asiyeogopa kisu, ila hofu yenyewe angekuwa ameshaimaliza. Si hiyo inayomzuia. "Kile kipande cha mwisho si changu," akasema. "Kina mwenyewe. Na mwenyewe hajanisemesha tangu nilazwe."

Ungekuwa mimi ungejibu nini? Maana ni kweli. Unanipigia mimi, unampigia Chiriku, unauliza damu, unauliza vipimo, na nikisema ngoja nimpe mama simu, mtandao unakatika. Mtandao wa huko kwenu una adabu sana, unajua saa ya kukatika. Nilidhani mama halioni hilo. Nilidhani akiliona atakukasirikia. Ndipo akaniambia nikae, na haya ninayokuandikia ni maneno yake, sikuongeza.

Alisema, baba yenu alipolazwa, Komeo ndiye aliyemsomea neno la ile operesheni ya kichwa. Kraniotomi. Lilikuwa fupi, alilisoma vizuri. Baba akamwangalia, akasema, "Kama wewe mwanangu umeona ni sawa, lete kalamu." Akasaini, akaingia, hakutoka mzima. Na Komeo tokea siku ile hajamsomea mtu kitu. Alipata kazi mbali akaishika kwa mikono miwili. "Anadhani mimi sioni," mama akasema. "Anadhani namhesabia kosa."

Nikamwambia mama, hiyo ya baba imepita. Akasema kwako haijapita. Akasema hivi: "Nikisaini nikaingia nikarudi, atasema ni bahati yangu tu. Nisiporudi, atasema afadhali nilinyamaza, na atanyamaza mpaka uzee wake. Sitaki kumwachia hilo. Nataka anisomee kipande chake kama alivyomsomea baba yake, na mimi nisaini huku namsikia. Yatakayotokea huko ndani ni ya Mungu na ya daktari. Yeye kazi yake ni kusoma, na kusoma hakujapata kumuua mtu."

Nikamuuliza, na asipopiga? Akasema neno litamngoja. Nikamwambia neno litangoja, mshipa hautangoja. Alifumba macho, nikamfunika miguu.

Nimekaa na maneno hayo tangu jana. Mara namwona mama amekosea, anaweka roho yake rehani kwa sababu ya mtoto mmoja wakati watoto tuko watatu. Nilimwambia hivyo asubuhi, kwa uchungu, nikamuuliza kama mimi na Chiriku tunaobeba chupa na ndoo hatutoshi. Akanishika mkono. Akasema, "Nyinyi mpo. Aliyepo hatafutwi." Nililia, akaniacha nilie, halafu akaniomba maji ya kunywa.

Basi nakwambia bila kuzunguka. Nimechoka. Sina nguvu ya kukubembeleza. Najua unaogopa. Mimi naogopa, Chiriku naye anaogopa mpaka ameshona mkono wa sare ya mtoto wa watu kwenye shingo. Tofauti ni kwamba sisi tunaogopa huku tumeshika chupa ya uji. Kwa habari ya baba, sikukulaumu siku ile na sikulaumu leo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimesimama pale, ningekuwa na sauti nzuri kama yako ningemsomea mimi. Lakini kwa hili la mama, Komeo, ukinyamaza nitakulaumu. Nakuambia sasa ili usije ukashangaa baadaye.

Jumamosi jioni, saa za kuona wagonjwa, tutakuwa wote kitandani kwake. Piga kwenye simu yangu. Usipige kwa Chiriku, atakula muda wote yeye. Usiulize damu wala vipimo. Usimwambie atapona, hilo hulijui wewe wala mimi. Msalimie kwanza, umsikie sauti, imekuwa nyembamba, usishtuke. Kisha mimi nitasoma changu, Chiriku atasoma chake, na tutanyamaza. Hapo ni pako.

Jizoeze. "Nek" inafungwa kooni, usiitilie irabu mwishoni, mama atakurudisha. "To" ndipo unapokanyaga. "Mi" unaachia. Ukilia katikati hakuna ubaya, yeye siku zote alisema machozi ya mtoto hayafuti neno. Ila lifikishe mwisho.

Daktari nimemweleza. Nilidhani atatuona tuna mambo ya ajabu. Alivua miwani, akaipangusa kwa koti, akasema Jumamosi si zamu yake lakini atapita jioni, na fomu atakuja nayo. Akasema mkewe pia alikuwa mwalimu, sikuuliza kama bado yupo.

Nisalimie sana wifi yangu, mwambie ile kanga aliyoniletea ndiyo ninayojifunika hapa wodini. Mbusu mtoto. Chiriku anakusalimu, atajiongezea salamu zake mwenyewe akipiga picha, usishangae ukiona ukurasa mzima. Shangazi anakusalimu, mjomba fundi bomba anakusalimu na anasema redio yake uliyoahidi kumtengenezea bado inakungoja. Muuza mboga naye anakusalimu. Hujamwona lakini anakujua, amelisikia jina lako kuliko la mumewe. Mfagiaji anasema tumefika de.

Mungu akulinde huko uliko, akupe usingizi, na akufungue kinywa.

Ni mimi nikupendaye hata nikiwa nimenuna,
Dada yako mkubwa, mwanzo wa foleni.

Nilikuwa nimeshaikunja. Mama kaniambia niifungue na nimpe kalamu. Mwandiko ni uleule wa ubaoni, utautambua. Nilitaka kummalizia, akanizuia mkono. Ameandika hivi, akaacha nafasi:

Pan-kri-a-ti-ko-du-o-de-